Jinsi ya kujipima kwenye chesi ya mtandaoni: nguvu zako, mtindo wako na pa kurekebisha

Wachezaji wengi wa chesi ninaokutana nao hapa Dar wamejifunza peke yao kwenye simu. Hawakuwa na mwalimu wala klabu. Wamecheza mamia ya gemu, na ukiwauliza wako vipi wanakutajia namba: "Mimi niko elfu moja mia tatu." Namba hiyo inakuambia unatoshana na nani. Haikuambii kwa nini unafungwa. Sababu ya kufungwa imo ndani ya gemu zako, na tovuti imekuhifadhia zote, kila hatua pamoja na sekunde ulizotumia. Ni hazina ambayo wachezaji wa zamani hawakuwa nayo, na inaniuma kuona vijana wenye vipaji wanaiacha hapo na kubonyeza "gemu mpya".

Kujipima kwenyewe ni kazi ya jioni tatu au nne; kurekebisha kunachukua mwezi. Utahitaji simu, bando la kawaida, daftari na kalamu. Kama una ubao halisi, utumie.

Hatua ya 1: Kusanya gemu 20 za aina moja ya saa

Chukua gemu zako 20 za mwisho ambazo kila mchezaji alianza na dakika 10 au zaidi. Kwenye tovuti za Lichess na Chess.com gemu za dakika 10 au 15 zinahesabiwa rapidi. Gemu za dakika 3 au 5 ni blitzi, na za dakika 1 ni buleti. Usizichanganye. Buleti iache kabisa kwa kazi hii, maana inapima kasi ya kidole na ubora wa mtandao kuliko inavyopima akili yako. Kama huna rapidi za kutosha, zicheze kwanza kwa wiki moja au mbili, ndipo urudi hapa.

Usichague gemu unazozipenda. Chukua zilivyofuatana, ulizoshinda na ulizofungwa, za weupe na za weusi. Zile ulizoshinda ni muhimu sana kwa sababu ndizo zinazoficha makosa: mpinzani hakuyaona, basi na wewe ukayasahau.

Pembeni ya kila gemu andika ulikuwa wapi. Kitandani saa sita usiku? Umesimama kwenye mwendokasi wa Kimara, mkono mmoja kwenye bomba? Foleni ya pantoni Kivukoni? Ukishamaliza gemu zote 20, huenda ukagundua kwamba nusu ya vipigo vyako vimetoka sehemu moja. Hilo ni jambo unaloweza kulirekebisha leo leo bila kujifunza hata ufunguzi mmoja. Gemu iliyokatika kwa sababu ya mtandao au simu kuzima, isome mpaka pale ilipokatikia.

Na usilinganishe namba ya Lichess na ya Chess.com. Lichess humwanzisha kila mtu kwenye 1500, wakati Chess.com ina utaratibu wake, kwa hiyo mtu yuleyule huwa na namba mbili tofauti. Ukiona alama ya kuuliza mbele ya reitingi yako (hiyo namba) ya Lichess, maana yake mfumo wenyewe bado hauna uhakika na wewe.

Hatua ya 2: Soma mwenyewe, injini ikiwa imezimwa

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo penye faida yote. Injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua chesi, itakuonyesha hatua bora. Haiwezi kukuambia ulikuwa unafikiri nini ulipocheza ile mbovu, na bila kujua hilo hutajua cha kurekebisha.

Pitia gemu taratibu, hatua kwa hatua. Kwa kila gemu andika mambo matatu: mambo yaligeuka wapi, nilikuwa nawaza nini, na saa ilikuwa inasemaje. Usiandike insha. Ukurasa mmoja wa daftari unaweza kuwa hivi (herufi na namba kama d1 ni jina la mraba kwenye ubao):

"Gemu ya 6, nilikuwa mweupe. Hatua ya 12 nilimtoa malkia d1 nikampeleka h5, nikitafuta shambulizi upande wa mfalme. Farasi wake aliyekuwa d4 akala c2: cheki, na ameigusa ngome yangu ya a1. Sikukumbuka kwamba malkia ndiye aliyekuwa analinda c2. Saa: mimi 6:40, yeye 3:10. Nilitumia sekunde 4."

Angalia maelezo hayo yalivyojaa. Mchezaji huyu anapenda kushambulia, na hilo si kosa. Anapohamisha kete anaangalia inakokwenda, haangalii inakotoka. Tena ana muda wa kumwaga na hautumii. Mambo matatu kuhusu mtu mmoja yamepatikana kwenye hatua moja, na hakuna injini iliyowashwa.

Ukishindwa kukumbuka ulikuwa unawaza nini, andika "sikumbuki". Zikiwa nyingi, maana yake unacheza kwa mazoea ya mkono.

Hatua ya 3: Kila boko liingie kwenye fungu lake

Sasa chora safu tatu kwenye ukurasa mpya: *Sikuangalia*, *Sikujua*, *Sikuwahi*. Kila boko, yaani kosa kubwa, kutoka kwenye gemu zako liweke kwenye safu moja tu.

*Sikuangalia* ni pale ambapo ungeonyeshwa picha ya ubao na kuambiwa "tafuta hatari" ungeiona mara moja. Kete imeachwa bila ulinzi, cheki haikuonekana, uma wa farasi (farasi mmoja kushambulia kete mbili kwa pamoja). Maarifa unayo ila hukuyatumia.

*Sikujua* ni pale ambapo hata ukipewa nusu saa usingepata. Mfano mzuri ni ule mtego maarufu wa farasi na askofu kwenye f7. Weupe wanaanza na e4, farasi f3, askofu c4. Weusi wanajibu e5, farasi c6, farasi f6. Mweupe anaruka farasi g5, mweusi anasukuma d5, mweupe anakula d5. Sasa mweusi, kwa mantiki ya kawaida, anakula d5 na farasi wake wa f6. Mweupe anatoa farasi kwa kula f7, mfalme anaila, malkia anatoka f3 na kucheki, na mfalme mweusi analazimika kutoka nje hadi e6 ili kumlinda farasi wa d5, katikati ya ubao na kete zote za adui zikiwa zinamsubiri. Dawa inayojulikana ni kutokula d5 na farasi huyo, bali kumrusha farasi wa c6 kwenda a5 ili amfukuze askofu. Hilo huwezi kuligundua kwa urahisi saa ikiwa inakimbia. Ni la kujifunza, na linachukua jioni moja.

*Sikuwahi* ni pale ambapo ulijua na uliona, lakini saa ilikuwa imebaki sekunde 20.

Ninasisitiza safu hizi kwa sababu kila moja ina dawa yake, na watu wengi wanakunywa dawa ya ugonjwa wa mwenzao. Mtu anafungwa kwa sababu anaacha askofu bila ulinzi, halafu anakwenda kutazama video za ufunguzi wa Kisisilia kwa saa mbili. Atazijua hatua 10 za kwanza, na ya 14 ataacha askofu vilevile. Kwa wachezaji wengi wa chini ya 1500 safu ya kwanza hujaa kuliko zile mbili nyingine zikijumlishwa. Kama yako iko hivyo, usione aibu. Ni habari njema, kwa kuwa hiyo ndiyo inayorekebishika haraka zaidi.

Hatua ya 4: Sasa washa injini

Kwenye Lichess uchambuzi wa kompyuta ni bure. Unafungua gemu, unaomba uchambuzi, na injini yake, Stockfish, inapitia kila hatua. Chess.com nayo ina uchambuzi wake, ila kwa asiyelipia ni wa kiasi kidogo kwa siku. Gemu 20 ni rahisi zaidi kuzimaliza Lichess, hata kama ulizichezea kwingine, kwa kuwa unaweza kunakili maandishi ya gemu na kuyabandika huko.

Soma namba zake hivi: +1.0 ni sawa na weupe kuwa mbele kwa askari mmoja, na alama ya kutoa ni weusi wako mbele. Grafu ikishuka ghafla, hapo ndipo pa kusimama. Mabadiliko madogo ya 0.3 yaache yapite. Kwa kiwango chetu hayana uzito, na yatakuchosha kabla hujafika kwenye jambo lenyewe.

Linganisha na daftari. Pale ambapo wewe na injini mmekubaliana, vizuri. Pale ambapo injini inalia na wewe hukuandika kitu, ongeza kwenye safu. Kuna mahali pa tatu pa kuangalia kwa makini zaidi: pale uliposema "hapa niliharibu" na injini inasema ulikuwa sawa tu. Maana yake uliogopa. Mchezaji anayeona hatari isiyokuwepo hurudisha kete nyuma bila sababu, na kosa hilo halitokei kwenye orodha yoyote ya maboko.

Ukishachambua zote, fungua ukurasa wa takwimu kwenye wasifu wako wa Lichess. Unaweza kugawa matokeo kwa ufunguzi, katikati na mwisho wa mchezo, kwa rangi, kwa muda uliotumia kwa hatua, na hata kwa gemu ambazo malkia walibadilishana au hawakubadilishana. Vipimo vya usahihi hutoka kwenye gemu zilizochambuliwa tu, ndiyo maana hatua hii inakuja baada ya uchambuzi.

Hatua ya 5: Andika nguvu zako, na uziandike kwa ushahidi

Wabongo wengi tunapoambiwa tutaje tunachoweza tunaona ni majivuno. Kwenye chesi usipojua nguvu yako utaikimbia. Nimewaona watu wazuri sana kwenye mwisho wa mchezo ambao hawafiki huko, kwa sababu wanalazimisha shambulizi hatua ya 15 wafungwe wao.

Usiandike "nashambulia vizuri". Andika "kati ya gemu 20, nimeshinda tano kutoka kwenye hali ya sare baada ya malkia kutoka". Takwimu za Lichess zina kipimo kizuri cha kukusaidia hapa: ni mara ngapi mpinzani akikosea wewe unamwadhibu. Ukikiona kiko juu, una jicho. Kipimo kingine kinaonyesha ni mara ngapi wewe ulikosea na mpinzani akakuacha. Hicho kikiwa juu, sehemu ya ushindi wako ni zawadi.

Hatua ya 6: Mtindo, na deni letu kwa drafti

Kila mtu anataka kuambiwa yeye ni Tal au ni Petrosian. Mikhail Tal wa Latvia, bingwa wa dunia 1960 hadi 1961, alikuwa anatoa kete sadaka na kuwaacha wapinzani wahangaike kutafuta njia ya kutoka. Tigran Petrosian, bingwa kuanzia 1963 hadi 1969, alizima hatari kabla haijazaliwa. Wote wawili walijua kufanya kazi ya mwenzao vizuri kabisa; mtindo wao ni kile walichochagua kati ya vitu vingi walivyoviweza. Kwa mchezaji anayejifunza, kinachoitwa mtindo mara nyingi ni mazoea, na mazoea yana asili yake.

Hapa Dar asili hiyo mara nyingi ni drafti. Ukipita vijiweni Kariakoo, Tandika au Mbagala utakuta ubao na vizibo vya soda, na watu wanaoona mbele kuliko wachezaji wengi wa mtandaoni. Aliyekulia pale analeta kwenye chesi utajiri wa kweli: hesabu ya "nikimpa hii, atakula, nami nitakula tatu" anaifanya bila jasho. Haogopi kutoa kete. Huyo akifundishwa uma na mashambulizi ya kujificha (kete moja ikisogea, iliyo nyuma yake inashambulia) anashika haraka.

Lakini drafti ina sheria moja inayobaki mkononi: kula ni lazima. Kwenye chesi si lazima, na mkono uliozoea haujui hivyo. Tazama gemu hii ya zamani inayoitwa mati ya Légal (mati ni kumfunga mfalme), kwa jina la Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa karne ya 18. Ipange ubaoni:

Weupe e4, weusi e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, askofu g4. Farasi c3, askari g6.

Askofu mweusi wa g4 amemfunga farasi wa f3, kwa kuwa nyuma yake yuko malkia. Mweupe anacheza farasi wa f3 anakula e5. Malkia yuko wazi kabisa. Mkono wa drafti hausubiri: askofu anakula malkia d1. Hapo askofu wa c4 anakula f7, cheki. Mfalme ana mahali pamoja tu, e7. Farasi wa c3 anaruka d5, na gemu imekwisha. Mfalme hana pa kwenda na malkia amekufa kwa faida.

Mweusi angefanya nini? Angekula farasi wa e5 kwa askari wa d6. Mweupe angekula askofu g4 na malkia, na weupe wangekuwa mbele kwa askari mmoja tu. Gemu ingeendelea.

Sasa rudi kwenye gemu zako 20 na uhesabu: ni mara ngapi ulikuwa na nafasi ya kula, na ni mara ngapi uliacha kwa makusudi? Kama unakula karibu kila mara, kete zinabadilishana mpaka ubao unabaki mtupu, na unadhani mtindo wako ni "mwepesi". Si mtindo, ni sheria ya ubao mwingine. Kabla ya kula jiulize nani anafaidika na ubao kuwa mtupu. Ukiwa mbele kwa kete, badilishana. Ukiwa nyuma, tunza kete zako.

Ukiondoa hayo, mtindo unajionyesha kwenye hali ambazo hakuna kinacholazimishwa. Tafuta nafasi kama hizo katika gemu zako, zenye injini karibu na 0.0, usome ulichofanya. Ulisukuma askari mbele? Ulitafuta kubadilishana malkia? Ulipeleka kete upande wa mfalme wake? Ukiona jibu moja linajirudia, hilo ndilo uliandike.

Hatua ya 7: Chagua kimoja, ukifanyie kazi mwezi mzima

Kimoja. Najua daftari lina vitu tisa.

Safu ya *Sikuangalia* ikiwa ndiyo ndefu: kabla ya kila hatua yako, uliza kwa mpangilio huu: ana cheki gani, anaweza kula nini, anatishia nini, na kete ninayoisogeza ilikuwa inalinda nini. Fanya hivyo hata kama umeshaona hatua unayoitaka. Kisha fumbua mafumbo 10 kila siku bila haraka. Lichess inakuonyesha aina za mafumbo unazokosea zaidi, kwa hiyo chagua aina hiyo badala ya kuchanganya.

*Sikuwahi* ikiwa ndefu, badilisha saa kwanza. Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua itakusaidia kuliko mawaidha yoyote. Na kama kila mara unafika mwisho wa gemu ukiwa na dakika 7 na umefungwa, tatizo lako ni kinyume chake.

*Sikujua* ikiwa ndefu, angalia iko sehemu gani ya mchezo. Ikiwa ni ufunguzi, jifunze mmoja wa weupe na jibu moja kwa e4 na moja kwa d4, basi. Ikiwa ni mwisho wa mchezo, anza na mfalme na askari. Weka mfalme mweupe e5, askari mweupe e6, mfalme mweusi e7, zamu ya mweusi. Akirudi moja kwa moja nyuma, e8, ni sare: mfalme mweupe akienda d6, mweusi anakwenda d8, askari akisogea e7 kwa cheki, mweusi anarudi e8, na mweupe hana namna ya kumlinda askari bila kumkosesha mweusi hatua, jambo ambalo kwenye chesi ni sare. Lakini mweusi akirudi pembeni badala yake, d8 au f8, amefungwa. Cheza nafasi hiyo na rafiki mara kadhaa, mkibadilishana pande, mpaka mkono wenyewe ujue pa kurudi.

Hatua ya 8: Pima tena, na umpe mtu mwingine asome

Baada ya mwezi kusanya gemu nyingine 20 za saa ileile na ujaze safu zile tatu upya. Linganisha safu kwa safu, usilinganishe reitingi kwanza. Reitingi huchelewa, na ndani ya mwezi inaweza kupanda na kushuka kwa sababu ya usiku mbaya mmoja.

Safu uliyoifanyia kazi ikipungua, hamia nyingine hata kama namba imesimama palepale. Isipopungua, mpe daftari la gemu, bila zile safu, mtu anayejua kucheza. Anaweza kuwa wa kijiweni, wa chuoni au mpinzani mliyezoeana mtandaoni. Mwombe asome gemu tatu na akuambie anachoona, na usimwambie wewe uliona nini. Akitaja kitu ambacho hakimo kwenye safu zako, anza nacho mwezi unaofuata.